Limau, Asali na Saini ya Mzazi: Kisa cha Mikaila Ulmer

Mama mmoja alinifuata ofisini Ijumaa mchana, vipindi vimeisha, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukawia. Binti yake yuko kidato cha pili na anauza kashata kwa wenzake. "Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto kila siku ananieleza kwamba amepata faida. Mimi sukari yangu inaisha mwezi haujafika nusu. Naomba uniambie, hii ni biashara au ni nini?"

Nikamwomba binti alete daftari lake. Nitalirudia baadaye, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Kwanza nataka tupitie kisa kimoja cha mbali, cha msichana wa Texas aliyeanza kuuza juisi ya limau kabla hajajua kusoma vizuri, akaendelea hadi juisi yake ikakaa kwenye rafu za maduka makubwa huku yeye mwenyewe akiwa bado anabeba begi la shule. Nimekitumia kisa hiki darasani mara nyingi, na kila mara naona kinavyosimuliwa vibaya. Watu husema: mtoto aliumwa na nyuki, akatengeneza juisi, akapata kampuni. Kila neno hapo ni kweli. Lakini anayesikiliza huondoka akiamini kwamba mtoto alisimama peke yake, na wazazi wakiamini hivyo, wanaoumia ni watoto.

Ilivyoanza

Mikaila Ulmer alizaliwa mwaka 2004, na nyumbani kwao ni Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas. Mwaka 2009, akiwa na miaka 4, mambo matatu yalimkuta karibu kwa wakati mmoja. Wazazi wake, D'Andra na Theo, walimhimiza abuni kitu cha kuuza kwenye maonyesho ya biashara ya watoto yanayoitwa Acton Children's Business Fair, na pia kwenye Lemonade Day, mpango ulioanzia Houston mwaka 2007 ambapo watoto wa mji mzima huweka meza na kuuza juisi ya limau. Katika siku hizo hizo akaumwa na nyuki mara mbili ndani ya wiki moja. Kisha kikafika nyumbani kitabu cha mapishi cha miaka ya 1940 kutoka kwa Bibi Helen wa South Carolina, ambaye Mikaila ni kitukuu chake. Ndani yake mlikuwa na maelekezo ya bibi ya juisi ya limau iliyotiwa mbegu za kitani.

Nyuki walipokwisha kumuuma, mtoto akawa anaogopa kila kinachovuma. Wazazi wengi tungemwambia "pole, watakwenda zao," tukafunga dirisha. Wake walimpa kazi: katafute nyuki anafanya nini duniani. Kwangu mimi biashara ilianzia hapo. Meza ya kuuzia ilikuja baadaye.

Alichokikuta ni kwamba nyuki huchavusha sehemu kubwa ya matunda na mboga tunazokula, na kwamba nyuki mtenda kazi mmoja, kwa maisha yake yote, hutengeneza asali inayokaribia sehemu ya 12 ya kijiko cha chai. Akakuta pia kwamba nyuki wako mashakani. Tangu majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, wafugaji wa nyuki wa Marekani walikuwa wakifungua mizinga na kukuta malkia yumo, asali imo, watenda kazi wametoweka. Magazeti yalijaa habari hizo. Mtoto wa miaka 4 hawezi kulitatua jambo kama hilo, ila anaweza kulishika: akaamua juisi ya bibi itiwe asali ya wafugaji wa jirani badala ya sukari, na sehemu ya faida, asilimia 10, iende kwa mashirika yanayolinda nyuki. Jina la kwanza la juisi lilikuwa BeeSweet.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hatua hiyo moja ina biashara nyingi ndani yake kuliko inavyoonekana.

Asali ni ghali kuliko sukari, popote duniani. Ukiiweka kwenye juisi, gharama inapanda, na bei lazima ipande nayo. Mteja anayelipa zaidi anataka sababu ya kulipa zaidi. Sababu ya Mikaila ilikuwa imeandikwa kwenye chupa: nunua chupa, okoa nyuki. Kwa hiyo habari ya nyuki haikuwekwa pale kama pambo, ndiyo iliyobeba bei. Wanafunzi wangu wanaponiambia bidhaa yao ni "nzuri na ya bei nafuu," huwarudisha hapa. Ya bei nafuu itashindwa siku jirani atakapopunguza shilingi 50. Iliyo na sababu huweza kukaa.

Halafu ile asilimia 10. Ni ya faida, haikuwa ya mauzo. Ukiahidi asilimia 10 ya mauzo, na kila chupa inakuachia faida ya asilimia 8, unafilisika kwa sadaka. Ukiahidi sehemu ya faida, mwaka mbaya unatoa kidogo au hutoi kabisa, na mwaka mzuri unatoa kwa moyo. Sijui kama mtoto ndiye aliyeipanga hivyo au mzazi alimnong'oneza, na hilo si kitu. Ilipangwa vizuri.

Toka mezani kwenda kwenye chupa

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya meza: mbele ya nyumba, kwenye maonyesho, kwenye matamasha ya vijana. Jagi, vikombe, mtoto na mzazi pembeni. Juisi ikikamuliwa asubuhi, jioni imekwisha. Kazi ya namna hii mtoto anaiweza karibu yote. Anakoroga, anaonja, anapokea hela, anarudisha chenji, anajibu swali la mteja. Ikiharibika, imeharibika jagi moja.

Kisha duka la piza la pale Austin likaomba juisi iwe kwenye chupa ili waiuze. Hilo ndilo ombi ambalo kila mjasiriamali mdogo hulisubiri, na ndilo linalovunja biashara nyingi za watoto. Juisi ya jagi inanywewa ndani ya saa chache. Juisi ya chupa itakaa kwenye jokofu la mtu mwingine kwa siku nyingi, inywewe na mtu usiyemjua. Ukali wa limau unasaidia, kwa kuwa vijidudu vingi hatari haviwezi kuzaliana kwenye kitu kikali kiasi hicho, lakini haukutoshelezi. Panatakiwa joto lililopimwa, chupa safi, lebo inayosema kilichomo, na mbegu za kitani nazo zina tabia ya kutoa ute unaofanya kinywaji kizito kadiri kinavyokaa. Vijiko na vikombe vya bibi lazima vigeuzwe kuwa lita na gramu. Kazi inatoka jikoni inakwenda kwenye kiwanda kinachopakia kwa mkataba.

Na kiwandani mtoto haruhusiwi. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inamwachia mzazi ruhusa pana ya kumtumia mwanawe kwenye biashara ya familia, lakini inaweka mpaka: aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kufanya kazi ya uzalishaji wala uchimbaji madini hata kama mwenye kazi ni baba yake mzazi, na kazi zilizotajwa kuwa hatari amekatazwa hadi afike 18. Maana yake juisi ilipoingia kwenye chupa, sehemu kubwa ya kuitengeneza ikatoka mikononi mwa Mikaila, kwa akili na kwa sheria.

Alibaki na nini? Alibaki na ulimi wa kuonja: ladha zilizoongezeka, ya tangawizi, ya tunda la mpungate na nyinginezo, zilihitaji mtu wa kusema hii bado, hii sasa. Alibaki na meza ya sampuli dukani, akimpa mteja kikombe kidogo na kumweleza habari za nyuki uso kwa uso. Alibaki na mafunzo kuhusu nyuki aliyokuwa akiwapa watoto wenzake. Kwa maneno mengine alibaki na bidhaa, mteja na sababu. Baba na mama walibaki na kiwanda, magari, hesabu za kodi, bima na madeni. Wote wawili walikuwa wamesomea biashara, ingawa hawakuwahi kufanya kazi ya vinywaji.

Ukitazama kazi za Mikaila, zote ni za wikendi na za likizo. Sampuli hutolewa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo wateja wamejaa. Ladha mpya huonjwa jioni. Kazi za wazazi ndizo za Jumatatu saa nne asubuhi: simu ya kiwandani, mzigo uliochelewa, mnunuzi wa duka anayetaka bei ishuke. Ndiyo sababu msichana huyu aliweza kusoma. Mgawanyo wa kazi ulifuata ratiba ya shule, na sidhani kama ulitokea kwa bahati.

Mwaka 2015, mara mbili

Machi 2015 kipindi cha televisheni cha Shark Tank kilimwonyesha Mikaila, aliyekuwa na miaka 9 wakati wa kurekodi, akisimama mbele ya wawekezaji na baba yake kando. Aliomba dola 60,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Aliondoka na dola 60,000 kutoka kwa Daymond John, mmoja wa wawekezaji hao, kwa asilimia 25.

Darasani hapa huwa tunatoa kalamu. Ukisema asilimia 10 ni dola 60,000, unasema kampuni nzima ina thamani ya dola 600,000. Ukikubali kwamba hizo hizo 60,000 ni robo, umekubali kampuni ina thamani ya 240,000. Kwa dakika chache thamani ya kampuni ilishuka zaidi ya nusu, na familia ikasema ndiyo. Wanafunzi hugawanyika. Wengine huona wameibiwa. Mimi naona wamelipa bei ya juu kwa kitu ambacho hela peke yake hainunui. Daymond John alijenga kampuni ya nguo ya FUBU kuanzia nyumbani kwa mama yake huko Queens, New York, na anawajua wenye maduka. Kampuni ya juisi iliyoko kwenye maduka machache haikosi hela tu, inakosa mlango wa kuingilia. Ila nisingependa mwanafunzi aichukue hiyo robo kama kipimo. Ukitoa robo kwa mtu wa kwanza, na robo ya kilichobaki kwa wa pili, unabaki na asilimia 56 tu, na wa tatu bado hajaja.

Sasa njoo Juni ya mwaka huo huo, jimbo lile lile la Texas, kinywaji kile kile. Katika mji mdogo wa Overton, wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja, waliweka meza ya juisi ya limau wapate hela ya zawadi ya Siku ya Baba. Polisi walikuja wakawaambia wafunge, hawana kibali. Wakaruhusiwa kurudi kwa sharti moja: juisi iwe ya bure, atakayependa aache mchango. Ilichukua miaka minne. Mwaka 2019 Texas ikapitisha sheria inayozuia miji na wilaya kuwafungia watoto wanaouza juisi na vinywaji vingine visivyo na kilevi kwenye eneo la mtu binafsi, na ikaanza kutumika Septemba 1 mwaka huo.

Kila ninapoviweka visa hivi viwili pamoja, darasa linanyamaza. Watoto wale walikuwa na bidii ile ile, na limau zile zile. Kilichowatofautisha hakikuwa kipaji. Upande mmoja palikuwa na makaratasi na mtu mzima aliyejua mlango wa kubisha, upande wa pili palikuwa na meza tu. Mtu akiniambia Mikaila alifanikiwa kwa sababu alithubutu, namwonyesha Overton. Wale nao walithubutu.

Tusisahau na mahali penyewe. Austin ndiko ilikozaliwa Whole Foods, kampuni ya maduka makubwa ya vyakula, mwaka 1980, na makao yake makuu yako huko huko. Juisi ya Mikaila iliingia kwenye rafu za duka hilo kwa kuanzia nyumbani. Mjasiriamali wa miaka 10 anayekaa mji mmoja na mnunuzi mkubwa wa vyakula vya aina yake hajaanzia pale alipoanzia mwingine. Hilo halimpunguzii sifa. Linatusaidia tu kujua tunachoweza kuiga na tusichoweza.

Yaliyofuata

Juni 2016, akiwa na miaka 11, alimkaribisha jukwaani Rais Barack Obama kwenye mkutano mkubwa wa wanawake mjini Washington. Picha hizo zimezunguka sana, sina la kuongeza.

La maana zaidi lilikuwa la kimyakimya: jina. BeeSweet ikabidi iachwe kwa sababu ya suala la haki ya alama ya biashara, ikawa Me & the Bees. Fikiria lebo, chupa, mabango, na mteja aliyezoea jina la zamani akipita mbele ya rafu bila kukutambua. Hili ni kosa la kawaida kabisa la biashara inayoanzia nyumbani, kwa sababu jina hutungwa siku ya kwanza kwa furaha, na hakuna anayefikiri kwamba kuna siku litagombewa. Nimeona vijana wa hapa wakichapisha lebo 2,000 kabla hawajauliza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina liko huru. Wale waliopata bahati hawakuulizwa na mtu. Waliokosa wana lebo chini ya kitanda hadi leo.

Mwaka 2017, akiwa na miaka 12, kundi la wachezaji wa wakati huo na wa zamani wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wakiwemo Arian Foster, Glover Quin na Duane Brown, liliweka dola 800,000 kwenye kampuni. Pia alianzisha mfuko wake wa hisani wa kulinda nyuki, Healthy Hive Foundation. Mwaka 2020 akatoa kitabu chake. Baadaye akaingia chuo kikuu, Emory, huko Georgia.

Lipo jambo moja linalonisumbua katika kisa hiki, na sitaki kulipita. Uso wa mtoto ndio uliokuwa nembo ya kampuni. Chupa iliuzika kwa sababu nyuma yake palikuwa na msichana mdogo aliyekuwa akiogopa nyuki. Sasa jiulize: kama angefika miaka 14 akasema, "Mama, nimechoka, nataka kucheza mpira wa wavu," kampuni ingefanyaje? Watu wazima wameweka hela zao humo, kuna wafanyakazi wanaolipwa. Inaelekea yeye hakuchoka, na wazazi wake hawaonekani kuwa watu wa kumburuta mtoto. Lakini kwenye mpango wa biashara ya mtoto yeyote ningependa kuona ukurasa mmoja unaosema mtoto akitaka kuacha itakuwaje. Duka la baba likifungwa kwa mwezi, baba anarudi kulifungua. Utoto ukifungwa haufunguliwi tena.

Upande wa kwetu

Huku kwetu Tanzania kisa hiki kinagusa mambo ya kila siku. Kwenye mtaala wa 2023 Elimu ya Biashara imekuwa somo la lazima katika sekondari ya chini, kwa hiyo tunawafundisha watoto wote kufungua biashara, kisha wanatoka darasani wanaikuta sheria ya shule inayokataza kuuza chochote ndani ya uzio. Sisemi shule zinakosea, maana najua vurugu inayotokea darasa likigeuka gulio. Nasema tu kwamba mtoto anaona mambo mawili na hana wa kumweleza.

Halafu kuna saini. Tanzania, mtu anaweza kufunga mkataba akishafika umri wa utu uzima, yaani miaka 18. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, nacho ni cha mwenye miaka 18, na laini ya simu husajiliwa kwacho. Maana yake mwanafunzi wa miaka 15 anayeuza kwa kutumiwa hela kwenye simu, hela hiyo inaingia kwenye laini ya mama, ya kaka, au ya jirani. Kenya wana M-PESA Go, huduma ya pesa kwa simu ya watoto wa miaka 10 hadi 17, nayo imefungamanishwa na laini ya mzazi. Huku kwetu fedha ya mtoto inalala nyumbani kwa mtu mzima, na nyumba nyingi hazina makubaliano. Mama anachukua 5,000 ya dawa, anasahau kurudisha. Mtoto hawezi kumdai mama yake, adabu haimruhusu. Mwezi wa tatu mtaji umekwisha, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeula.

Akina Ulmer walikuwa na faida hii kubwa kuliko Whole Foods na televisheni: wazazi waliijua kazi yao na mtoto aliijua yake, na hela ya biashara haikuwa hela ya jikoni. Na hilo halihitaji Austin.

Daftari

Binti alirudi na daftari la kurasa 48, jalada limeng'oka. Mwandiko ni mzuri. Kila siku ya kupika ameandika mistari mitatu. "Karanga kilo 1: 4,000. Mauzo, vipande 80 kwa 100: 8,000. Faida: 4,000." Ameipigia mstari faida kwa kalamu nyekundu. Kurasa nane mfululizo, faida ni 4,000.

Nikamuuliza, "Sukari je?"

"Ya nyumbani, Mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Robo tatu."

"Na mkaa?"

Akamtazama mama yake. "Mkaa ni wa mama. Napika yeye akishamaliza."

Mama hakusema kitu. Nikachukua kalamu nikampa binti, nikamwambia aandike yeye mwenyewe. Sukari robo tatu, akapiga hesabu ya bei ya dukani: 2,100. Mkaa akakisia, mama akamrekebisha: 500. Akajumlisha kwa kidole kwenye meza, 6,600, akatoa kwenye 8,000. Ikabaki 1,400. Alitazama ile namba muda mrefu. Macho yakaanza kulowa, nikajua anafikiri amekuwa akiiba kwao.

Nikamwambia 1,400 ni faida ya kweli, na kwamba wengi wenye maduka barabarani wangependa kuwa na uhakika nayo kama yeye. Mama ndiye aliyesogeza kiti. "Sikiliza, mwanangu," akasema, "mkaa nakupa. Huo ni mchango wangu. Lakini sukari utanunua, na hela ya sukari hutaniwekea mimi kwenye simu, utaiweka kwenye kopo. Na Jumatano hupiki, una masomo ya jioni."

Binti akafungua ukurasa mpya. Akachora safu tano badala ya ile mistari mitatu. Kwenye ile ya mkaa hakuacha wazi, aliandika 500, na pembeni yake, kwa herufi ndogo: "mchango wa mama."

Wiki iliyofuata alikuja na swali. Karanga za jumla, gunia, zinaanzia bei gani, na je, mama anaweza kwenda naye sokoni Jumamosi kuongea na muuzaji, kwa sababu muuzaji hakubali kumkopesha mtoto.

Nikamwambia amuulize mama. Wameshakwenda.